EL34 iliyosingiziwa: kisa cha amplifaya moja na jozi mbili za valvu

Alikuja na amplifaya mkono mmoja na malalamiko tayari mdomoni. "Fundi," alianza hata kabla hajaitua chini, "hizi EL34 watu wanazisifia bure. Zinalia kama nyuki ndani ya kopo."

Mpiga gitaa huyu namfahamu siku nyingi na masikio yake nayaamini. Amplifaya yake ni ya wati 40, imejengwa kwa mkono kwa kufuata mchoro wa Fender wa katikati ya miaka ya 1960: valvu mbili za 6L6GC (valvu ni chupa za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme) kwenye hatua ya nguvu, ile ya mwisho inayosukuma spika, spika moja ya inchi 12, na ile toni inayong'aa juu, nzito chini, halafu katikati kama imechotwa kwa kijiko. Yeye moyo wake uko kwa magitaa ya Uingereza ya mwisho wa miaka hiyohiyo, yale yanayokoroma katikati. Akasoma kwamba amplifaya za Marshall za wakati huo zilitumia valvu za EL34. Akanunua jozi, akachomoa 6L6GC, akachomeka EL34, akawasha. Zinaingia bila shida yoyote, maana soketi ni ileile ya pini 8. Akapiga, akarekodi kwa simu, akalinganisha na rekodi ya jana yake, na hukumu ikatoka usiku huohuo.

Nilimwomba anipigie kidogo. Alichokisema kilikuwa kweli tupu: sauti nyembamba, ina mkwaruzo, na mkwaruzo wenyewe hauji pale anapochapa nyuzi kwa nguvu. Unakuja pale noti inapofifia. Ukipiga kamba ya D ukaiacha ife taratibu, mwishoni inageuka kuwa vumbi. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Valvu ya nguvu ikizidiwa hulalamika ukiwa na sauti kubwa. Inayolalamika kwenye sauti ndogo ina ugonjwa mwingine.

Pini namba 1

Nilizima, nikasubiri, nikamwaga chaji ya kapasita za umeme kupitia rezista, nikapima hadi mita iliposoma chini ya volti 1. (Hili silirukii kamwe. Amplifaya iliyochomolewa ukutani inaweza kubaki na volti 400 na ushei tumboni, na haikupi onyo.) Kisha nikageuza chesisi na kuangalia soketi.

Kwenye 6L6GC pini namba 1 haina kazi. Wengine hata hawaiweki. Kwa hiyo waliochora amplifaya zile waliitumia kama kituo cha kuunganishia: waya unaoleta mawimbi ya sauti pamoja na volti hasi ya bayasi (inayoamua valvu ipitishe mkondo kiasi gani ikiwa imetulia) unashuka kwenye pini 1, na kutoka hapo rezista ya ohmu 1,500 inavuka hadi pini 5, ambayo ndiyo gridi yenyewe, wavu unaodhibiti elektroni zinazopita. Ni ujanja safi, unaokoa nafasi na waya, na kwa 6L6GC hauna madhara hata chembe.

Sasa chomeka EL34. Valvu hii ni pentodi halisi, ina gridi tatu, na gridi ya tatu imetolewa nje kwenye pini namba 1. Inatakiwa iunganishwe na kathodi (inayotoa elektroni), pini 8, ikae kwenye volti sifuri na kutulia. Kazi yake ni kuzuia elektroni zinazodunda kwenye anodi (inayozipokea) zisirudi kwenye skrini, yaani gridi ya pili. Kwa rafiki yangu gridi hiyo ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na bayasi: volti hasi 48, na juu yake mawimbi ya gitaa yakiitikisa huku na kule. Badala ya mlinzi aliyesimama mlangoni, alikuwa na mlinzi anayesukuma watu warudi nje, tena kwa kufuata mdundo wa wimbo. Elektroni zilizokataliwa njia ya anodi zikaishia kwenye skrini, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo.

Mtu anaweza kupiga hivyo kwa miezi. Valvu haizimiki, fyuzi haikatiki, sauti inatoka. Ndiyo maana kosa hili ni baya kuliko lile linalotoa moshi.

Kosa la pili lilikuwa bayasi yenyewe. Nina kawaida ya kuweka rezista ya ohmu 1 kati ya kathodi na chesisi, kila milivolti 1 inasomeka kama miliampea 1. Zile 6L6GC za zamani, kwa volti hasi 48, zilikuwa zinapitisha miliampea 38 kila moja, anodi ikiwa na volti 448. Hiyo ni kama wati 17 za joto kwa valvu inayoruhusiwa 30. Starehe kabisa. EL34 kwa volti hasi zilezile zilikuwa zinapitisha miliampea 8. Nane! Zilikuwa zimelala.

Kwenye amplifaya ya aina hii valvu mbili hupokezana wimbi kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Moja inabeba nusu ya juu, nyingine nusu ya chini, na pale katikati zote mbili zinatakiwa ziwe zimeshika kijiti kwa muda mfupi. Zikiwa zimepoa kupita kiasi, ya kwanza inaachia kabla ya pili kushika, na kwenye oskiloskopu unaona kijipengo pale wimbi linapovuka sifuri. Kipengo hicho ukubwa wake haubadiliki. Noti ikiwa kubwa kinapotea ndani yake, noti ikififia kinabaki peke yake na kuwa ndiyo sauti. Nyuki wa rafiki yangu walikuwa hapo.

Kwa nini volti zilezile zifae valvu moja na kuilaza nyingine? Kwa sababu EL34 ni nyepesi kuamka na nyepesi kulala. Kila volti 1 kwenye gridi yake inasogeza kama miliampea 11 katika hali ya kawaida ya jedwali lake. 6L6GC inasogeza karibu nusu ya hiyo. Inahitaji msukumo mdogo zaidi kutoka hatua ya nyuma, na inahitaji bayasi ndogo zaidi.

Niliziondoa zile rezista kwenye pini 1, nikazipa kituo chao pembeni, nikaunganisha pini 1 na pini 8 kwa kipande cha waya. Waya huo hauisumbui 6L6GC, kwa hiyo sasa soketi inapokea zote mbili. Halafu nikarekebisha bayasi ya EL34. Hesabu niliyotumia ni ile ya mafundi wengi: asilimia 70 ya wati 25 zinazoruhusiwa ni 17.5, gawa kwa volti 450 unapata karibu miliampea 39 za anodi. Mita yangu inajumlisha na mkondo wa skrini, hivyo nililenga 42. Kitufe cha kurekebishia bayasi kilifika volti hasi 41 kwa shida, karibu na mwisho wake.

Akapiga tena ile kamba ya D. Ikafa vizuri, bila vumbi. Alinitazama tu.

Desibeli mbili

Pale ndipo kazi ya kulinganisha ilipopaswa kuanza, na pale ndipo watu wengi wanadhani imekwisha. Alipiga mapigo yake matatu manne, akatabasamu, akasema, "Hii ndiyo sauti yenyewe. Ina uhai." Nikapima volti kwenye spika kwa toni ileile na kitufe cha volyumu palepale: EL34 zilikuwa juu ya 6L6GC kwa karibu desibeli 2. Ndivyo inavyotarajiwa, kwa sababu ya wepesi wao. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa juu kidogo, halisemi "hiki kina sauti kubwa." Linasema hiki kina uhai, kina uwazi, kina hewa. Nilipopunguza volyumu hadi spika ikasoma volti 2.83 kwa toni ya majaribio, sawa na nilivyokuwa nimeipima 6L6GC, tabasamu lilipungua nalo.

Kipya kinyemi, na mwenye kununua kipya ana masikio mawili ya ziada. Sisemi kwa kumcheka. Nimewahi kubadilisha valvu, nikasikia tofauti kubwa, kisha nikagundua nilikuwa nimesogeza pia kitufe cha trebo kwa kiwiko.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Alirekodi vipande vitatu vya gitaa tupu, bila amplifaya: kimoja cha kupapasa nyuzi, kimoja cha kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za wastani, kimoja cha kuchapa kweli. Rekodi hizo ndizo tulizorudisha kwenye mlango wa amplifaya kupitia kiboksi kinachozifanya zifanane na gitaa halisi, ili mkono wake usibadilike kati ya jaribio na jaribio. Kubadilisha valvu, kusubiri zipoe, kuzipasha na kurekebisha bayasi kunachukua dakika 20, na hakuna anayekumbuka toni kwa dakika 20, hata awe nani. Maikrofoni ilikaa mbele ya spika kwenye stendi isiyoguswa, na miguu ya stendi niliizungushia alama ya chaki sakafuni. Ukisogeza maikrofoni sentimita 2 kuelekea ukingo wa spika unapata badiliko linalozidi valvu yoyote niliyowahi kuishika.

Nguvu nazo nilizipima, ili baadaye asiseme moja ilionewa. Transfoma ya kutolea sauti ya amplifaya hii inaonyesha valvu mzigo wa karibu ohmu 4,000 kati ya anodi na anodi, na bahati nzuri namba hiyo inazifaa zote mbili. Tofauti ya wati kabla ya wimbi kukatika haikufika desibeli 1. Ingekuwa jozi ya valvu nyingine, KT66, au 6V6 ambazo hata volti hizi zingeziumiza, kisa kingekuwa kingine.

Kisha nikamgeuzia mgongo wa kompyuta na kumchezea rekodi zilizosawazishwa kwa ukubwa, mara 10 kwa kila kipande, kwa mpangilio nilioupata kwa kurusha sarafu. Kazi yake ilikuwa kusema tu ipi ni ipi.

Kwenye kupapasa alipata 5 kati ya 10. Kwenye kodi za wastani 6. Hapo alianza kujikuna kichwa na kusema headfoni zangu ni mbovu. Kwenye kuchapa alipata 9, na anayebahatisha hufikia 9 au zaidi mara 11 tu katika kila 1,024. Hilo halikuwa bahati.

Kwangu mimi huo mgawanyo ndio kiini cha kisa. Amplifaya hii, kama ndugu zake wengi, ina mrejesho hasi: kipande cha sauti kutoka kwenye spika kinarudishwa nyuma na kulinganishwa na kilichotumwa, na tofauti yoyote inasahihishwa. Maadamu hatua ya nguvu bado ina pumzi, mrejesho huo unazilazimisha valvu mbili zenye tabia tofauti kuimba wimbo mmoja. EL34 ikitaka kuzidisha, inarudishwa. 6L6GC ikipungukiwa, inasukumwa. Ukifika mwisho wa pumzi, pale wimbi linapogonga dari, hakuna tena cha kusahihisha nacho, na kila valvu inaonyesha sura yake. Ndiyo maana naona ni kupoteza muda kubishana kuhusu tabia za valvu za nguvu kwa mtu anayepiga chumbani na volyumu kwenye 2. Amplifaya ya Vox AC30, ambayo haina mrejesho huo kabisa na inatumia valvu nne za EL84, ni habari nyingine, na huenda umaarufu wa "sauti ya EL84" umetokana na hilo kwa kiasi kikubwa kuliko EL84 zenyewe.

Na sura zenyewe? Nitaandika tulichokisikia kwenye spika hii, kwa kuchapa. EL34 zilianza kukoroma mapema kidogo, na zilianza polepole, kama gari linaloingia kwenye changarawe. Pigo la plektra lilikuja mbele pamoja na sehemu ya kati, na nyuzi nene zililegea: kamba ya E ya chini ikapoteza ukingo wake. 6L6GC zilishikilia besi ngumu kwa muda mrefu zaidi, kisha zilipokatika zilikatika kwa ukali, zikiacha cheche juu. Yeye alijua kutofautisha kwa kusikiliza kamba ya chini tu, na akaniambia hivyo baadaye. Hakuwa anasikiliza "toni" hata kidogo. Alikuwa anasikiliza kama besi imekaza au imelegea.

Maumbile yao yanaeleza sehemu ya hili. 6L6, iliyotolewa na RCA mwaka 1936, haina gridi ya tatu. Ina vibati viwili vinavyobana elektroni ziwe kama miali, na kwa kubanwa huko zinafanya kazi ileile ya kuzuia zinazodunda. Kona ya mkondo wake, pale volti za anodi zinaposhuka karibu na sifuri, ni kali zaidi kuliko ya pentodi ya gridi. Kona kali, kukatika kwa ghafla. Lakini spika nayo ina neno lake: hizo ohmu 8 zilizoandikwa mgongoni mwake ni za sehemu ndogo tu ya masafa. Kwenye mvumo wake wa asili, karibu na hezi 80 au 100, upinzani wake unapanda mara kadhaa, na mrejesho ukishakufa valvu inaufuata mlima huo. Kulegea kwa kamba ya E kulikuwa na mkono wa spika ndani yake. Kwenye spika nyingine nisingeweza kuahidi matokeo haya.

Rezista ya 6,800

Kabla ya kumaliza nilimchezea rekodi moja ya ziada ya kuchapa, bila kumwambia kwamba ni ya ziada. Alisikiliza sekunde nne. "Hii ni EL34. Hii haina ubishi."

Zilikuwa 6L6GC.

Nilichokuwa nimekifanya ni kubadili rezista moja kwenye saketi ya toni. Amplifaya yake haina kitufe cha sauti ya kati. Mahali pake pana rezista ya kudumu ya ohmu 6,800, na ndiyo inayoamua shimo la katikati litakuwa na kina gani. Nilisoldia ya ohmu 15,000. Shimo likajaa kwa kiasi. Hilo tu. Toni aliyokuwa akiitafuta kwenye zile rekodi za Uingereza haikukaa kwenye valvu peke yake: Marshall ya kwanza, JTM45, ilifuata mchoro wa Fender Bassman, ambayo ilikuwa na valvu za 5881, ndugu wa 6L6. Hata JTM45 zenyewe zilijulikana zaidi kwa KT66 kabla ya EL34 kushika nafasi. Na baadaye Marshall ilipoelekea kwenye sauti yake maarufu, rezista ya mteremko, nyingine kwenye saketi hiyohiyo ya toni, ilikuwa ohmu 33,000, wakati kwenye mchoro wa amplifaya ya rafiki yangu ni 100,000. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anayeuza valvu hawezi kukwambia kwamba unachokitafuta kinaweza kuwa rezista ya nusu wati.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali zuri: kwa nini asipate vyote viwili, EL34 pamoja na rezista mpya? Angeweza. Tuliziwasha zikae saa nzima. Kila EL34 inakunywa ampea 1.5 za hita (waya unaopasha valvu), 6L6GC 0.9. Kwa jozi ni nyongeza ya ampea 1.2, juu ya valvu ndogo sita zinazochukua 0.3 kila moja. Mzigo wa hita ulipanda kutoka ampea 3.6 hadi 4.8, theluthi nzima. Volti za hita zilishuka kutoka 6.4 hadi 6.0, ambayo bado inavumilika, lakini baada ya saa moja nilipoweka kiganja juu ya transfoma ya umeme sikuweza kuhesabu hadi tano. Haina karatasi wala namba. Aliyeitengeneza aliisokota kwa ajili ya 6L6GC. Mimi nisingeiacha hivyo usiku wa onyesho la saa tatu, na nilimwambia.

Aliondoka na 6L6GC zake, bayasi ikiwa imerudi volti hasi 48, rezista ya 15,000 mahali pake, na pini 1 zimeunganishwa na 8 kwa siku atakayoamua kununua transfoma kubwa zaidi. Jozi ya EL34 imerudi kwenye boksi lake. Juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene: "hasi 41, siyo 48." Namjua, usiku mmoja atazichomeka tena.